Kondoo, Panya na Kebo ya Kisima cha Baba

Jumamosi jioni, Kitengela. Upepo unarusha vumbi dirishani, nguo zimeanuliwa kabla ya kukauka, na mimi natabasamu peke yangu kama mtu aliyerogwa.

Shajara yangu, bado sijazoea kuandika "mume wangu". Ngoja niandike tena. Mume wangu. Njoroge wangu!

Kazi yake ni kufunga vihisi viwandani, vile vijichuma vinavyopima joto la tanuri au maji ya tangi. Tangu harusi nimemchosha kwa maswali. Juzi alinikatia kipande cha kebo nione ndani, nikakaa nacho hadi chai ikapoa. Kumbe ndani kuna waya nne nyembamba za rangi, zimevikwa wavu wa shaba uliosukwa vizuri kuliko nywele zangu za harusi! Wavu ni wa nini? Akaniambia kihisi hunong'ona tu, na mota ya pampu hupiga kelele. Wavu huzuia kelele isiumeze ule mnong'ono.

Mnong'ono! Ningemkataaje mtu anayeongea hivi?

Leo mnong'ono wenyewe ulikuwa wa kwetu. Nyumbani, nje ya mji wa Kajiado, baba ana kisima kirefu cha pampu. Kihisi kiko chini kabisa, na maji yakipungua kinazima pampu isiungue. Wiki hii pampu imekuwa ikizimika ovyo na maji yapo. Baba akanipigia simu: "Huyo fundi yako aje."

Fundi yako. Tangu tuoane hajamwita kitu kingine. Niliogopa, sitaficha. Kazi hii ikimshinda mbele ya majirani, mume wangu, mtoto wa Murang'a na mgeni kwetu, atabaki "fundi yako" hadi tuzeeke.

Tulipofika, ng'ombe walikuwa wanalia kando ya birika kavu. Akina mama waliongoja na mitungi wakaanza.

"Naserian, bwana yako amekuja na kamkoba tu? Nyundo iko wapi?"

"Kazi yake haitaki nyundo."

"Haya, tutaona!"

Njoroge akafungua kisanduku kilicho juu ya kisima. Kebo inaingia humo kwa plagi ndogo ya mviringo yenye pini nne. Alipoifungua, vidole viliteleza. Harufu nikaijua kabla yake.

Mafuta ya kondoo.

Ndiyo mafuta ambayo baba hupaka kamba za ngozi za kengele za ng'ombe zisipasuke. Plagi nayo alikuwa ameipaka, kwa mapenzi kabisa, na kebo pia. Panya wakaona wameandaliwa. Walikuwa wameguguna hadi wavu wa shaba ukawa nje na waya wa buluu umebaki uzi.

Njoroge alinitazama. Kwetu mkwe hamwambii baba mkwe kosa lake mbele ya watu. Nilibana pumzi.

"Ni panya, Baba. Wamekula kebo."

"Panya anatafuta nini kwa waya?"

Njoroge hakujibu. Aliendelea kupangusa pini moja moja, taratibu, macho chini. Baba akainama, akanusa. Kisha akacheka hadi kofia ikaanguka.

"Kumbe ni mimi nimewapikia!"

Kila mtu akacheka, nami nikapumua.

Njoroge akakata sehemu mbovu, maana kebo ya akiba ilikuwa imezungushwa humo sandukuni. Akafunga plagi mpya huku mimi nikimshikia waya: kahawia, nyeupe, buluu, nyeusi. Plagi ina mfereji mdogo, inaingia kwa njia moja tu. Nikauliza, na ikikataa?

"Usilazimishe. Zungusha polepole, itajipata."

Niliona haya mbele ya baba yangu!

Kebo akaipitisha ndani ya bomba la chuma, panya wasirudi. Pampu ikanguruma. Tukangoja izimike. Haikuzimika. Ng'ombe wakanywa, mitungi ikajaa, na yule mama wa nyundo akampa Njoroge mkono.

Tukiaga, baba akatoa kondoo jike kundini, mwenye mkia mnono. "Huyu ni wako," akasema. "Nenda salama, Pakerr."

Shajara, nililia. Kwetu aliyetoa kondoo na aliyepewa huitana hivyo, Pakerr, maisha yao yote. "Fundi yako" imeisha leo.

Kondoo amebaki zizini kwa baba, maana ploti yetu hairuhusu hata kuku. Njoroge anakaanga sukuma wiki huku akijifundisha: "Pakerr. Pakerr." Ameniuliza yeye atamwitaje mzee. Nimemwambia, hivyo hivyo. Amesimama na mwiko hewani hadi kitunguu kikaanza kuungua.

Mimi nimebaki na swali moja la kumuuliza kesho tukitoka kanisani. Yeye alinusa mafuta yale kama mimi, na alijua ni ya nani. Alijuaje kwamba akinyamaza, baba atacheka?