Baba, Ukoo Wako wa Samurai Uishe Tu

Baba,

Shikamoo sikupi. Mama angekuwepo angenifinya sikio, maana hapa Kwai mtoto hamsemeshi mzazi bila shikamoo, hata mzazi awe mlevi wa namna gani. Lakini Mama amelala nyuma ya kanisa, na wewe hukuja hata kumtupia udongo.

Mpwa wako alifika wiki iliyopita kutoka Japani. Nilimchinjia kuku kabla sijajua alichofuata. Ujinga wangu huo.

Unaukumbuka mpeasi wa uani? Ulikuwa umekuja kuwafundisha wakulima kubebesha miche, kuunganisha kijiti cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, na jioni ulirudi na mabuti yako ya matope, ukanikalisha juu ya ndoo, ukachora ukoo wenu ardhini, chini ya mpeasi huo, kwa kisu kilekile cha kazi. Kwanza shina: mtoto wa mfalme aliyekosa kiti, akapewa jina la ukoo kama kifuta machozi, akaambiwa auhame mji mkuu. Akaenda shamba. Wajukuu zake wakashika panga kulinda mpunga wao, wakawa samurai. Halafu matawi: kaka mkubwa akabaki na nyumba kuu kando ya mto, mdogo akavuka mlima akaanzisha yake. Nembo akachukua ileile ya majani matatu, ila akaizungushia duara ili watu wasichanganye. Vita kubwa ilipokuja, nyumba moja ikaenda upande huu na nyingine upande ule, makusudi, ili yeyote atakayeshinda, jina libaki.

Bibi alikuwa anamenya viazi, akacheka. "Kumbe na kwenu! Si kama yule mwindaji wetu wa nguruwe, aliyefukuzwa kwao Ngulu akaja kutawala Washambaa?" Ulicheka mpaka ukafuta machozi. Siku ile nilikupenda, Mungu ananiona.

Nikakuuliza, "Na mimi niko wapi hapo?"

Ukachora kistari kidogo, pembeni kabisa. "Huyu hapa. Tawi la Kwai."

Kesho yake nilishinda nafukuza kuku wasipachakure.

Nilikuwa darasa la tatu ulipoondoka. Ulisema unakwenda kumzika baba yako. Umezika muda mrefu, Baba.

Sasa mpwa wako anasema nyumba kuu haina mtoto wa kiume, na wewe umezeeka. Anasema kwenu nyumba ikikosa mrithi huasili kijana, hata mtu mzima, akachukua jina na kutunza makaburi. Kwa hiyo mnamtaka mwanangu Yoeli. Yoeli wangu, niliyemsomesha kwa kabichi na maziwa! Nilikwenda kuchochea moto, nikihofia mdomo wangu. Mkalimani aliyekodiwa Lushoto mjini ndiye aliyenichokoza: "Mama, mkataa kwao ni mtumwa." Nikamwambia hayo akamwambie aliyeko Japani.

Yoeli ndiye aliyeuliza, kwa adabu zote, huku akimwongezea mgeni chai. "Mjomba, katika ukoo wenu, mama yangu yuko tawi gani?"

Mpwa wako akaangalia sahani. Akasema haupo mstari wangu. Hukuniandikisha popote. Yoeli angepokelewa kama kijana wa nje tu, mtu baki aliyependwa kwa tabia yake njema.

Loo! Yaani ulitaka kumwasili mjukuu wako wa damu kama mtoto wa kuokota, na mimi niliyemzaa nisiwepo? Wewe huna haya?

"Basi mwandikeni mama kwanza," Yoeli akasema, "halafu tuongee."

Mgeni akajibu haiwezekani. Mkeo wa huko yu hai, na ndugu wataona aibu.

Yoeli akamsogezea kikombe. "Kunywa, Mjomba, chai inapoa." Mazungumzo yakaishia hapo.

Tangu siku hiyo nakamua ng'ombe kwa hasira mpaka wananirushia mateke. Nakuchukia, na sichukii kuondoka kwako peke yake. Wanaume wengi huondoka. Nachukia kile kistari. Ungeniambia tangu mwanzo kwamba sina nafasi, ningekwenda zangu kucheza na wenzangu.

Na ule mpeasi, kile kijiti ulichobebesha kutoka kwenu kilikauka mwaka uleule ulioondoka. Mama alikataa usikatwe. Shina likachipua lenyewe chini ya kidonda, likazaa mapeasi madogo, magumu, ya kienyeji. Hayohayo ndiyo yaliyomkuza Yoeli. Kamfungashia mpwa wako mfuko mzima. Yakikufikia, tafuna taratibu, meno yako si ya zamani.

Ukoo wako ukiisha, uishe. Mtoto wangu si kiraka.

Walipoondoka nilimuuliza Yoeli kama anatamani kwenda. Akasema jina lako halitaki, ila angependa kukuona sura. Nikaenda kulia zizini, kwa sababu hata mimi ningependa, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Shikamoo yako ipo hapa Kwai. Usimtume mpwa. Njoo uichukue mwenyewe.

Binti yako,
ambaye hukumwandika