Siku Bwana Mwadime Alipokuja na Ndizi

Mjukuu wangu Wakesho,

Habari za Nairobi? Sisi hapa Voi tuko salama. Babu yako ana kikohozi kidogo tu, na mahindi ya shamba letu la Rukanga yameanza kubeba.

Umeniuliza utafanyaje kazi chini ya mkubwa asiyejua hesabu na bado anakubana. Miaka ya sabini nilikuwa karani wa mahesabu kwenye ofisi ya shamba la mkonge. Mkubwa wangu, Bwana Mwadime, alikuwa hivyo hivyo. Hata kwenda kunywa chai lazima nimwombe ruhusa.

Asubuhi moja akaja na ndizi za kutoka kwao Ronge, anatabasamu. "Mghoi, leo twende wote kwa meneja, ueleze mahesabu."

Nikaona huu ni mtego: mengine aliyaandika yeye, na kosa likionekana, litakuwa langu. Nikamwambia, "Nitaeleza niliyoandika mimi. Yako utaeleza mwenyewe." Tabasamu likamtoka.

Mbele ya meneja nikaeleza yangu, nikaishia hapo. Bwana Mwadime akashika karatasi zake, akazipekua mbele na nyuma. Mwisho akasema, "Hapa mimi sielewi. Mghoi ndiye anaelewa."

Nilishtuka. Tangu siku hiyo akapunguza kunibana, akawa ananiuliza mambo, lakini mlango ukiwa umefungwa. Mpaka leo sijui kama alitaka kunitosa au aliogopa kuingia kwa meneja peke yake. Sikumwamini hadi alipostaafu, ila kumchukia niliacha.

Huyo mkubwa wako, endelea kujihadhari naye, mama. Lakini jiulize pia anaogopa nini.

Nyanya yako anayekuombea,
Mghoi