Pipa Jekundu Lisitolewe Leo

Kwa Mama, Amiri Jeshi Mkuu wa nyumba hii,

Pipa jekundu la taka lisitolewe nje leo. Limejaa maji, na injini ya boti ya marehemu kaka Ishmael imefungwa humo kwa majaribio. Ile kabureta niliyoichomoa kwenye injini mbovu ya jirani imekubali. Imewaka kwa mvuto wa nne wa kamba!

Mama, aliyeipiga injini resi mara mbili asubuhi ni mimi. Nilikuwa nakuchokoza tu, kwa vile kaka alizoea kukuita hivyo akitaka chai. Nilidhani utanitupia kandambili. Sikujua utatoka mbio miguu mitupu, umeshika kikombe chake. Ulikuwa unatabasamu mpaka uliponiona.

Nisamehe. Chai niliinywa yote, na vile vijiko vyake vitatu vya sukari. Kikombe nimekirudisha mahali pake.

~~Sitaiwasha tena.~~ Nitaiwasha Jumamosi nikirudi kutoka bwenini, kimyakimya, bila resi.

Wali uko kwenye friji. Ule.

Na ukisikia resi mbili kabla ya Jumamosi, Mama, si mimi. Usitoke peke yako. Nisubiri, twende wote.

Kitindamimba wako,
Apondi