Nani Amelalamika?

Maite, uko? Nimekasirika kweli kweli.

Si tulibishana mwezi mzima twende wapi likizo? Madrid joto, Valencia ghali, mwisho Nieves akasema Sitges, huko wanawake kama sisi wanatembea na wapenzi wao vichwa juu. Nikachagua hoteli yenye bendera yetu ya upinde wa mvua mlangoni.

Sasa sikia. Asubuhi hii tunakunywa kahawa, nimemshika Nieves mkono. Mkono tu, Maite! Mwenye hoteli akaja na tabasamu lake la mafuta mafuta: "Warembo, hayo fanyieni chumbani. Yule mama pale ana watoto, amelalamika."

AMELALAMIKA!

Nikamwendea yule mama. "Samahani dada, tumekukosea?" Akashangaa. "Mimi? Sijamwambia kitu huyu!"

Na yule bwana bado anatabasamu! Eti, "Msinielewe vibaya, mimi nawapenda sana. Bendera si mmeiona?" Nawapenda sana! Nilitamani nimtapikie viatuni.

Nieves si unamjua! Alinibusu mdomoni mbele ya watu wote, taratibu kabisa, kisha akapanda juu kufunga mabegi. Yule mama akapiga makofi.

Sasa tuko kituo cha treni, Nieves analia huku anacheka. Amempigia baba yake kule kijijini Teruel, yule mzee ambaye miaka yote ananiita "huyo mwenzako", akamweleza kila kitu.

Mzee akasema: "Njooni huku. Mwambie Leire nawatandikia kitanda kikubwa."

Maite, ameniita Leire.