Lenzi kwenye Reli za Droo

Jumatano, 4 Machi

Hili sijawahi kumwambia mtu: nimesahau uso wa mama ulivyokuwa kabla hajaugua. Nikifumba macho naona ule wa hospitali tu. Anarudi nyumbani Jumamosi. Hawezi tena kukaa kwenye watu wengi, na sinema ndiyo ilikuwa furaha yake. Basi baba ameigeuza sebule — mapazia mazito, projekta darini, kitambaa cheupe ukuta mzima. Leo imefika lenzi ya kutandaza picha. Nzito kama tofali!

Alhamisi, 5 Machi

Nimesoma maelekezo yote. Kwa filamu pana, lenzi inakaa mbele ya projekta. Kwa video ya kawaida lazima isogezwe pembeni, la sivyo watu wanavimba. Kwa hiyo inataka reli.

Fundi makabati kaja na reli za droo. Zile zenye springi, zinazojifunga zenyewe. Nikafungua mdomo nimwambie hazitafaa — nikajikuta namuuliza kama anataka maji.

Akaona naziangalia. "Profesa, reli ni reli! Hizi zinabeba masufuria, zitashindwa na kioo?"

Baba akacheka. Nikaleta maji.

Ijumaa, 6 Machi

Kama nilivyoogopa. Ukiisogeza lenzi pembeni, inarudi yenyewe mbele ya projekta. Taratibu, halafu tk! Baba amefunga kamba, ikalegea. Kabandika selotepu, ikabanduka. Fundi hapokei simu.

Jumamosi, 7 Machi

Mama amefika. Baba alimpandisha ngazi mikononi, wala hakuhema. Neno lake la kwanza chumbani: shangazi, aliyekuja kumuuguza, afunike kioo cha kabati.

Jumapili, 8 Machi

Tulimwandalia filamu pana. Hakuitaka. "Niwekeeni harusi yetu."

Baba akanitazama. Video ya kawaida! Akabonyeza hivyo hivyo. Bwana harusi akatokea mpana kama mlango, bibi harusi mashavu kama puto. Mama akacheka mpaka akakohoa. Halafu akamgeukia baba.

"Baba watoto, nilikuwa hivi?"

"Ulikuwa mrembo."

"Sijauliza hilo." Akanigeukia. "Mwanangu, wewe hujui kudanganya. Nilikuwa hivi?"

Wote wawili walikuwa wananisubiri.

Nikapanda kiti. Nikaisukuma lenzi pembeni na kuishikilia. Pale ukutani uso wa bibi harusi ukapungua, ukapungua, ukatulia. Shingo ndefu. Kidevu chembamba.

Baba akasimamisha video hapo hapo. Mama akainama mbele, akajishika kidevu, polepole, kama anayetafuta kitu gizani. Baba alibaki na rimoti mkononi.

Springi ilikuwa inavuta. Nilingoja mmoja wao aseme inatosha, hakusema mtu. Nikabadilisha mkono, nikaendelea kushikilia.