Mguu Chini ya Gunia

Soatoba, Boyacá
Jumapili, 19 Oktoba 2014. Manyunyu tangu alfajiri, ukungu umefika mlangoni.

Mpendwa dada Ismenia,

Kwanza hali yako. Goti limepoa? Na yule bibi unayemtunza huko Zaragoza, bado anakuamsha umtafutie paka aliyekufa? Sisi tu wazima. Mama anakohoa kidogo, lakini jana alimaliza arepa mbili za mahindi akalalamika kwamba ni ndogo.

Nakuandikia kwa sababu siwezi kukaa. Nimefagia chumba cha watoto mara mbili, na leo hakuna mtoto. Shajara yangu inasema Alhamisi nililala saa saba na robo usiku, Ijumaa saa nane, jana saa tisa kasoro dakika kumi.

Unajua nina watoto kumi na wawili wa kulea. Ndiyo idadi ya chini kabisa inayoruhusiwa. Akitoka mmoja, ofisi ya ustawi inaifunga nyumba yetu ya watoto, na wale kumi na mmoja wanarudi kufungiwa ndani au kushinda matopeni mama zao wakivuna viazi. Wa kuondoka ni Nury, ana miaka minne na nusu, binti wa Arcesio mnunuzi wa viazi.

Arcesio ananiandama tangu Agosti. Huko mjini kuna shule ya kulipia ambako watoto wanajaza daftari, herufi moja ukurasa mzima, na mwisho wa mwaka wanavalishwa joho na kofia na kupigwa picha. "Mwalimu, wangu anarudi na tope tu. Daftari liko wapi?" Mwezi uliopita niliogopa, nikawagawia madaftari. Nury alijaza mistari minne ya herufi a, akalala juu ya meza. Siku ya tatu niliyarudisha kabatini.

Wanachopenda ni kona ya soko. Niliwatengenezea mzani wa mti, kopo huku na kopo huku: viazi upande mmoja, mawe upande wa pili. Hapo wanahesabu bila kuambiwa, wanabishana lipi zito, wanapangiana zamu. Basi jana, Jumamosi, niliwaita wazazi. Niliwakalisha kwenye viti vya watoto, magoti yakiwafika kidevuni, nikawaomba watazame kwanza, ndipo waniulize watoto wanajifunza nini.

Nury alivaa kofia ya baba yake akawa mnunuzi. Akapima, akahesabu mawe hadi saba bila kuruka. Nilimwona Arcesio akijinyoosha kwa fahari. Kisha akaja Wílmer, mjukuu wa mzee Leovigildo, na viazi vyake. Nury akasogeza kidole cha mguu taratibu chini ya kopo la viazi, akaliinua kidogo.

"Mawe matano."

"Nyumbani yalikuwa saba!"

"Mzani hausemi uongo, kaka yangu," akajibu kwa sauti ya baba yake hasa. Halafu akageuka: "Si ndivyo, baba? Mguu polepole, wasione."

Dada, wazazi wote walimgeukia Arcesio. Ndipo mzee Leovigildo akapasuka kicheko: "Kumbe! Miaka sita viazi vyangu vinapungua mzanini, mimi nailaumu mvua!" Wote wakacheka. Arcesio akajitupia begani ruana yake, lile vazi la sufu, akamshika mtoto mkono, wakaondoka. Kofia ikabaki sakafuni.

Hicho sicho kinachoninyima usingizi. Kinachoninyima ni shajara. Jumanne tarehe 7 niliandika: "Nury anaweka kidole chini ya kopo. Nimwambie baba yake?" Nilijua. Jana ningeweza kufungua kona ya udongo, au ya jikoni. Nilifungua soko. Nimejiuliza tangu jana kama nilitaka kuwaonyesha wazazi mtoto anavyojifunza, au nilitaka kumkomesha Arcesio. Kama mtoto amechapwa, ni mimi nimemchapa.

Naiacha hapa. Nakwenda kufagia tena.

Jumatatu, mchana. Mvua imekatika.

Saa moja na dakika arobaini asubuhi walikuwa kumi na mmoja. Nikawapa maji ya sukari guru, macho yangu njiani. Saa mbili na dakika tano Arcesio akatokea, Nury mabegani.

"Tangu juzi ananiita Baba Mguu," alisema bila kunitazama. "Na mama yake naye."

Nilimwambia kwamba mchezo ule niliujua kabla, kwamba nilipaswa kumweleza tukiwa wawili, na kwamba anisamehe.

"Ungeniambia ningemhamisha siku hiyo hiyo." Akachukua kofia yake mezani, akaipangusa. "Kuhesabu vile, nani kamfundisha?"

"Wílmer. Alimbishia, ikabidi ajue."

Kisha akatoa daftari jipya ndani ya ruana. "Ukurasa mmoja kwa siku."

"Kwa wiki."

"Kwa wiki, na mzani uondoke."

"Mzani unabaki, Bwana Arcesio."

Akavaa kofia, akatoka. Mtoto alibaki. Kumi na wawili, dada.

Walipofungua soko, Wílmer alipiga magoti kwanza akachungulia chini ya kopo, ndipo akaweka viazi. Nasikia na babu yake amefanya vivyo hivyo leo asubuhi, kwenye mzani wa kweli wa Arcesio.

Mama anakusalimu, anasema uvae soksi. Mjomba Heliodoro anauliza kama picha zake zilifika. Msalimie shemeji, na bibi wa paka pia. Mungu akulinde na baridi ya huko, na akurudishe kwetu ukiwa na magoti yote mawili.

Mdogo wako anayekupenda,
Edelmira

Nafunga bahasha Jumanne asubuhi, jua linawaka. Jana nililala saa mbili na nusu usiku, pamoja na kuku.