Soko la Setúbal Halifunguliwi Alasiri

Baba,

Nimerudi jana kutoka Setúbal, mji ule wa pwani ya Ureno ulioujazia daftari zima bila ya kuutia mguu. Nilikwenda peke yangu, daftari lako mkobani. Watu huwahijia wazee wao waliotangulia. Mimi nimekutembelea Ureno. Silinganishi, usinikasirikie, lakini nia niliitia kwa jina lako pale pale uwanja wa ndege wa Maskati.

Mama ametoka eda yako. Nilimbembeleza twende sote, akasema, "Nenda wewe mwanangu, mimi miguu haijanirudia." Hapa nyumbani Ghubra tunakunywa chai ya jioni wawili tu, na hakuna wa kututia makosani. Sijazoea, Baba. Bado natoa vikombe vitatu.

Unakumbuka Ijumaa zetu baada ya chakula? Mama anasinzia, wewe unatusomea daftari lako kwa sauti ya mtangazaji: mgeni afikie wapi, ale nini, apande nini. Miaka yote ya kazi ulizipita zile ngome mbili za Wareno bandarini, na kila ukizipita ulisema hivi hivi: "Watu hawa wametujengea ngome hapa, na Mombasa. Nnataka nende kwao nikaone walikosa nini."

Hawakukosa kitu. Mji una milima ubavuni na bahari mbele, kama kwetu, ila milima yao ya Arrábida ina miti inayoteremka mpaka majini. Mto Sado unaingia baharini hapo hapo. Treni ya kutoka Lisbon inachukua kama saa moja, hapo ulipatia. Uliandika tule samaki tu, tusipate tabu ya kuuliza kama nyama ni halali, na hapo pia ulipatia. Lakini wale uliowaita ngisi ni dome, Baba, wale wanene wenye gamba jeupe mgongoni, wanawakata vipande vinene na kuwakaanga. Nilikula sahani nzima, nikatamani pilipili ya Mama. Na maji ya bahari uliyoandika kuwa "yanafaa kwa wazee" ni ya baridi kabisa. Nilitia vidole tu nikaruka.

Kosa lako kubwa ni la soko. Uliandika: "Mchana tupumzike, sokoni twende baada ya Alasiri, jua likipoa." Maskati kabisa wewe! Nikafuata kama ulivyosema. Nikalala mchana, nikasali, nikajipamba, nikafika saa kumi na nusu. Soko limefungwa. Samaki wao huuzwa asubuhi, mchana wanafunga na hawafungui tena. Nilisimama mlangoni na daftari mkononi, nikataka kukupigia simu nikucheke. Nilishaitoa simu mkobani. Hapo ndipo nilipolia, mtu mzima na mtandio wangu, watu wananipita. Sikulia hivyo hata siku ya maziko.

Maana uliniomba twende, na sikukutilia maanani. Nilikwambia, "Mwakani inshallah, kazi ikipungua." Mwaka uliofuata nikakwambia vile vile. Kazi haikupungua. Uliyepungua ni wewe, na wala hukuninung'unikia, ukaongeza kurasa tu.

Asubuhi yake nilirudi. Ukuta wa ndani wa soko ni vigae vya bluu vilivyochorwa wavuvi na wakulima, na chini yake dagaa wakubwa wamepangwa juu ya barafu. Wauza samaki wengine ni wanawake, sauti zao zingekufurahisha. Kisha nikavuka kwa feri kwenda Tróia, ule mchanga mrefu ng'ambo ya mto. Pomboo uliotuahidi sikuwaona. Sitakudanganya.

Siku ya mwisho nilipanda kilima kwenda kwenye ngome yao. Nilidhani nitaona fahari ya hao waliotujia. Nikaambiwa ngome ile aliijenga mfalme wa Hispania, wakati Ureno ilipokuwa chini yake. Na wao walitawaliwa, Baba! Ukurasa huo hukuuandika. Nilikaa ukutani muda mrefu nikiutazama mji, nikakuwazia ungesema nini. Hilo ndilo linaloniuma. Dome ningeweza kukusimulia, soko tungelicheka, lakini fikra yako juu ya ukuta ule nimeikosa, na hakuna wa kunipa.

Nimesahihisha daftari kwa penseli, pembeni, maneno yako sikuyagusa.

Leo asubuhi Mama amesema anataka kwenda Qurayyat kumwona dada yake. Begi langu halijafunguliwa, kesho kazi inaningoja, na kutoka hapa ni mwendo. Nilishafungua mdomo nimwambie wiki ijayo, inshallah. Nikaufunga. Nimeshakwenda kulitia gari petroli, na haya naandika nikimngoja avae abaya yake.

Pumzika, Baba, Mola akupanulie huko ulipo. Nimekuomba radhi kila siku tangu ulipoondoka na leo nakuomba tena. Ahadi yangu ni moja: neno "mwakani" Mama hatolisikia kutoka kwangu. Naacha kalamu hapa. Keshatoka chumbani, anauliza kwa nini bado nimekaa.

Mwanao